Uanagenzi wa Upishi Hotelini: Kutoka Ubao wa Vitunguu hadi Cheti Mkononi

Anayetaka upishi wa hoteli hapa Tanzania ana njia tatu za kuingilia. Ya kwanza ni kusoma chuoni moja kwa moja: VETA, ambayo ina chuo cha hoteli na utalii Njiro, Arusha, Chuo cha Taifa cha Utalii kampasi ya Bustani, Dar es Salaam, au SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kule Maruhubi kwa walio Zanzibar. Ya pili ni uanagenzi wa mkataba, ambapo unakaa kipindi darasani na kipindi jikoni, na pande zote mbili zinakupima. Ya tatu ni kugonga mlango wa nyuma wa hoteli, kuomba kuosha vyombo, na kupanda taratibu.

Wapishi wengi wazuri walipita njia ya tatu, na si ya kudharauliwa. Shida yake ni kwamba mtu anaweza kukaa jikoni miaka mitano akatoka na mikono yenye makovu bila karatasi hata moja. Njia ya pili nayo ina shimo lake: zipo hoteli zinazoita "mafunzo" kile ambacho ni kazi ya bei nafuu. Mwanagenzi analipa kwa muda wake, kwa hiyo kila baada ya miezi michache lazima aweze kutaja alichonunua kwa muda huo: sehemu aliyopita, ujuzi alioupata, saini iliyowekwa.

Chagua jiko kabla ya kuchagua jina la hoteli

Hoteli ya nyota tano yenye jiko linalofungua makopo itakufundisha kufungua makopo. Kabla hujapeleka barua, tafuta namna ya kuliona jiko. Muda mzuri ni saa kumi alasiri: chakula cha mchana kimekwisha, cha usiku hakijaanza, na mpishi ana dakika kumi za kuongea. Angalia mambo haya.

Pipa la taka. Likiwa na maganda ya vitunguu, mifupa na magamba ya samaki, hapo watu wanapika. Likijaa maboksi na mifuko ya vyakula vilivyotengenezwa kiwandani, hapo watu wanapasha moto.

Friji. Kila chombo kiwe na kibandiko cha jina na tarehe. Nyama mbichi ikae chini kabisa, vilivyopikwa juu. Ukikuta kuku mbichi anadondosha maji juu ya bakuli la kachumbari, shukuru na uondoke.

Idadi. Uliza wapishi wa kudumu ni wangapi na wanafunzi ni wangapi. Mwanagenzi mmoja kwa kila mpishi ni sawa. Wanafunzi kumi na wawili kwa wapishi sita maana yake hoteli inaendeshwa na wanafunzi, na hakuna atakayepata nafasi ya kukusahihisha.

Mwisho, uliza swali hili moja: "Mwanagenzi aliyepita hapa sasa yuko wapi?" Shefu anayejali atajibu bila kufikiri: yule yuko bucha, yule yuko pestri, yule amekwenda hoteli fulani. Asiyejali atasema wengi hawana uvumilivu.

Kwa wanaolenga Zanzibar au ukanda wa pwani, hesabu ya msimu ni muhimu. Masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi za ufukweni hupunguza watu na nyingine hufunga. Wageni hurudi kuanzia Juni. Peleka maombi Machi hadi Mei ili uingie jiko linapojipanga. Ukiingia Agosti watu wamezidiwa na hakuna wa kukufundisha. Uliza pia mapema: masika yakija, mwanagenzi anabaki au anarudishwa nyumbani bila posho?

Karatasi za kuingilia

Andaa namba ya NIDA (kwa Zanzibar kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi), cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne kama unacho, barua ya serikali ya mtaa au ya sheha, na picha za pasipoti. Ukitaka kuingia ngazi ya nne ya NTA vyuoni, yaani ngazi za tuzo za vyuo vya ufundi, unahitaji ufaulu wa masomo manne, angalau D, yasiyo ya dini. Kozi za VETA zina masharti mepesi zaidi.

Cheti cha afya cha mshika chakula hupatikana baada ya vipimo, hasa choo na mkojo, na kwa kawaida hurudiwa kila miezi 6. Usikinunue kwa mtu wa njiani. Homa ya matumbo ikitokea hotelini, wa kwanza kupimwa upya ni wa jikoni.

Kisha mkataba. Tanzania ina Mwongozo wa Taifa wa Uanagenzi wa 2017, kwa hiyo kuomba maandishi si ujuaji. Yatakayoandikwa ni muda wa mafunzo, posho na siku ya kulipwa, chakula, usafiri wa kurudi ukitoka usiku, nani analipia sare na ada ya mtihani, na nani anagharamia matibabu ukiumia kazini. Uliza kama mwanagenzi anaingia kwenye mgao wa bakshishi. Jibu likiwa hapana, afadhali ulijue siku ya kwanza kuliko kugombana siku ya thelathini. Kwa saa za kazi, kipimo cha Tanzania Bara ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na zinazozidi hulipwa. Jiko lina siku zake ngumu, lakini siku ngumu zikiwa kila siku, huo ni utaratibu wa kazi na unapaswa kulipiwa.

Kipengele cha maana kuliko vyote ndicho ambacho wengi hawakiombi: ratiba ya kuzunguka. Iandikwe kwamba utapita stoo, mboga, jiko la baridi (saladi na vyakula vinavyoliwa baridi), kifungua kinywa, bucha, jiko la moto na pestri, kila sehemu kwa wiki kadhaa. Bila hiyo, ukionekana unamenya viazi vizuri utamenya viazi mwaka mzima. Ustadi una adhabu yake.

Vifaa vyako mwenyewe

Huhitaji seti ya visu kumi na viwili. Nunua kisu kimoja cha mpishi chenye bapa la sentimita 20, kidogo cha sentimita 8 hadi 10 cha kumenyea, na kinoo chenye upande wa chembe 1000. Chuma cha duara kinachoning'inia jikoni hunyoosha makali tu; makali yakiisha, kinoo ndicho kinachoyarudisha. Loweka kinoo mpaka kiache kutoa mapovu, shika kisu pembe ya nyuzi 15 hadi 20, vuta polepole kwa uzito uleule kuanzia shina hadi ncha, mara kumi upande huu na mara kumi ule. Kosa la kawaida ni kuinua mkono ukifika ncha, na ncha inaviringika.

Ongeza viatu vilivyofunika vidole visivyoteleza, kipimajoto cha kuchoma ndani ya chakula, kalamu ya wino usiofutika na kidaftari kinachoingia mfukoni. Kipimajoto kijaribu kila wiki kwenye glasi ya barafu iliyosagwa na maji kidogo: kisome sifuri. Kikisoma 3, kila kipimo ulichochukua wiki hiyo kilikuwa na kasoro ya nyuzi tatu.

Miezi ya kwanza

Utaanza kwa stiwadi, yaani vyombo na sakafu, au kwenye mboga. Wiki mbili za vyombo zina faida: unajua kila kitu kinakaa wapi, na unaona sahani zinavyorudi. Sahani kumi zikirudi na wali nusu, kipimo cha wali ni kikubwa. Mwambie shefu.

Mbao za kukatia zina rangi. Nyekundu kwa kawaida ni nyama mbichi, buluu samaki, kijani saladi na matunda, nyeupe mikate na maziwa. Njano ina utata: jiko moja huitumia kwa kuku mbichi, jingine kwa nyama iliyopikwa. Ukihama hoteli, uliza njano ni ya nini kabla hujagusa kisu.

Sasa kitunguu, maana ndicho watakachokupa siku ya majaribio. Kata nusu kupitia kwenye mzizi na uache mzizi, ndio unaoshikilia matabaka. Menya. Laza upande bapa chini. Pasua kwa urefu bila kufika mizizi, mipasuo ya milimita 3, kisha pasuo moja au mbili za ubapa, halafu kata kwa kukingama. Vidole vya mkono wa pili vikunjwe kucha zikitazama ndani, kisu kigusane na pingili. Shefu hatazami kasi yako. Anachukua kiganja cha vitunguu vyako, anavitandaza, anatazama kama vimelingana: kipande cha milimita 3 kitaungua kabla cha milimita 8 hakijalainika, na mchuzi utakuwa na uchungu ambao hakuna sukari itakayouondoa. Kata kilo mbili kwa usawa kwanza. Kasi huja yenyewe ndani ya miezi miwili.

Ukikidondosha kisu, ruka nyuma, usikidake. Mafuta yakishika moto, zima gesi na funika kwa kifuniko, maji huyarusha. Ukiungua, weka kidonda kwenye maji yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na mafuta ya kupikia vinafunika joto ndani.

Mambo matatu yanayomwangusha aliyezoea kupika nyumbani

Hata mwanagenzi mwenye mkono mzuri, anayesifiwa na mtaa mzima kwa biriani yake, hujikwaa hapa.

La kwanza ni kuzidisha. Mapishi ya watu 4 ukiyafanya ya watu 80 usizidishe kila kitu kwa 20. Nyama na mchele zidisha. Chumvi, pilipili, karafuu na iliki anza na theluthi mbili ya hesabu, kisha onja na uongeze. Maji nayo hayaendi sawa, kwa sababu sufuria kubwa iliyofunikwa hupoteza mvuke kidogo kwa kila kilo kuliko ndogo. Pilau ya sinia hutoka bokoboko kwa sababu hiyo, na lawama huenda kwa mchele. Pima kwa gramu, si kwa vikombe, na uandike ulichotumia kweli, si kile kilichokuwa kwenye karatasi. Anayefunga Ramadhani hulijua hili vizuri: mwenye gramu zilizoandikwa anapika mchana kutwa na kumwachia mwenzake asiyefunga kijiko cha kuhakikisha tu.

La pili ni tui. Nyumbani unakuna nazi mbili kwa mbuzi, unachuja kwa kifumbu, unasimama juu ya sufuria. Hotelini una lita 8 za mchuzi wa samaki na mambo mengine manne yanakungoja. Tui likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta hupanda juu na chini hubaki maji yenye chembechembe. Pikia kwa tui jepesi, la pili na la tatu. Ukwaju au ndimu itangulie na ichanganyike vizuri. Kasimile, yaani tui zito la kwanza, liingie mwishoni, moto mdogo, sufuria wazi, ukikoroga taratibu mpaka lifuke bila kutokota, basi. Tui la kopo huvumilia zaidi kwa sababu mengi huwekewa vitu vya kulishikanisha, ndiyo maana aliyejifunzia kwa kopo hushangaa anapopewa nazi. Likianza kukatika, kijiko kimoja cha wanga wa mahindi (konflawa) kilichokorogwa kwa maji baridi kwa kila lita hulishika. Likishakatika kabisa, hurudi kwa shida.

La tatu ni kupoza, na hili ndilo linaloweza kuwapeleka wageni hospitali. Sufuria ya lita 20 za supu ikiingizwa friji ikiwa moto, katikati hubaki vuguvugu hadi asubuhi, na joto lake huwapasha majirani waliokuwa salama. Bakteria hustawi kati ya nyuzi 5 na 60. Gawa supu kwenye trei za kina cha sentimita 5, au zamisha sufuria kwenye sinki la maji ya barafu na ukoroge. Ishuke hadi nyuzi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 nyingine. Wali una hatari yake mwenyewe: mbegu za bakteria huvumilia kuchemshwa, huamka wali ukiachwa mezani, na sumu yake haiondoki kwa kupasha moto. Kuku apikwe mpaka ndani afike nyuzi 74, kipimo kikiwa kwenye paja karibu na mfupa bila kuugusa.

Supu ya mifupa yenyewe ni kipimo kizuri cha uvumilivu. Kilo 1 ya mifupa kwa lita 2 za maji baridi, ichemke, engua povu, kisha moto ushuke hadi viputo viwili vitatu. Kuku saa 3 hadi 4, ng'ombe 6 hadi 8, samaki dakika 20 hadi 30 tu, zikizidi inakuwa chungu. Ikitokota kwa fujo, mafuta hujikoroga ndani na supu huwa na ukungu.

Daftari la mafunzo

Logibuku hujazwa siku ileile. "Nilisaidia jikoni" hakumwambii mpimaji chochote. Andika: "Nimetoa minofu ya changu kilo 12, nikapata kilo 5.4, nimetengeneza sosi nyeupe lita 3, unga gramu 180 na siagi gramu 180, iliganda madonge kwa sababu maziwa yote yaliingia kwa mkupuo, nimerudia." Makosa yaandike pia, pamoja na sababu. Omba saini kila wiki, si mwisho wa muhula, kwa sababu shefu akihama, na mashefu huhama sana, hakuna atakayesaini kazi aliyoiona mwingine.

Minofu hiyo hiyo ikupeleke kwenye hesabu, maana hapo ndipo mpishi anapotengana na shefu. Tuseme changu amenunuliwa shilingi 12,000 kwa kilo. Umepata kilo 5.4 kutoka 12, yaani asilimia 45. Basi kilo ya minofu haigharimu 12,000, inagharimu 12,000 gawa kwa 0.45, karibu 26,700. Kipande cha gramu 180 ni 4,800. Ongeza mchuzi, wali na kachumbari, tuseme 1,200: sahani ni 6,000. Hoteli inayotaka gharama ya chakula isizidi asilimia 30 itaiuza 20,000 kabla ya kodi. Mwanagenzi akikata vipande vya gramu 210 kwa ukarimu, sahani imepanda shilingi 800, na kwa sahani 60 za usiku ni 48,000. Ukiweza kumwonyesha su-shefu, msaidizi wa shefu mkuu, hesabu hii kwa karatasi moja, ataanza kukuita kwenye kuhesabu stoo.

Cheti na ngazi

Aliyeingia kwa mlango wa nyuma asikate tamaa. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na upishi umo. Unahojiwa, unapika mbele ya mpimaji, mapengo yanaonyeshwa, kisha unapata cheti cha ngazi uliyostahili. Hapo ndipo logibuku, picha za sahani zako na barua za wakuu wako zinapozaa. Walio Kenya wana mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na Kenya Utalii College, iliyoanzishwa 1975, kwa wanaotaka darasa kamili.

Ajira ya kwanza ni komi (mpishi msaidizi) wa tatu, kisha wa pili, wa kwanza, demi (naibu wa shefu wa sehemu), shefu wa sehemu, su-shefu, shefu mkuu. Usikubali kuitwa demi bila kupita bucha na jiko la baridi. Cheo kitakuumbua ukihama. Jiko moja lipe mwaka hadi mwaka na nusu. Anayehama kila miezi mitatu hajifunzi kuagiza vitu, kwa sababu haaminiwi kupewa fomu ya stoo.

Wengi hukimbilia jiko la moto kwa sababu lina kelele na sifa. Tungemshauri anayeanza aitazame sehemu ya mikate na pestri, yenye ushindani mdogo. Mkate ni hesabu: kwa unga kilo 10, maji lita 6.2, chumvi gramu 200, hamira kavu gramu 100. Pwani kinachoharibu ni joto. Unga uko nyuzi 30, hewa nyuzi 30, na donge unalitaka 25; maji yawe chini ya 15, mara nyingi yenye barafu. Ukitumia maji ya bomba, donge linaumuka mbio, linanuka pombe na mkate unabweteka ndani ya oveni.

Suala la nguruwe na mvinyo liseme mapema kama wewe ni Mwislamu. Majiko mengi ya pwani yamelizoea, na hukupangia sehemu au mwenzako wa kuonja. Kunyamaza kisha kukataa katikati ya oda ishirini ndiko kunakoleta ugomvi.

Ukiondoka, omba cheti cha utumishi siku ya mwisho, kikiwa na tarehe, cheo na sehemu ulizopita. Kwa anayewaza Oman au Dubai, pitia wakala aliyesajiliwa na ulizia ofisi ya serikali ya huduma za ajira kabla ya kutoa hela. Soma kwenye mkataba neno lililoandikwa kama kazi yako: ukikuta "mfanyakazi wa ndani" mahali pa "mpishi", usisaini, hata kama wakala anasema litarekebishwa mkifika. Nakala za vyeti, logibuku na mkataba ziache kwa mtu wa nyumbani, na nyingine kwenye barua pepe yako.